Kamera Iliyojua Kufuta

Nilikuwa natafuta sindano ya cherehani kwenye droo ya shangazi yangu, mkono ukagusa kifuko cha kitenge ambacho sikukiona miaka na miaka. Nikakinusa kabla hata ya kukifungua. Msiniulize kwa nini. Sisi tuliolelewa mtaa wa Rwezamenyo, Kigali, tunanusa kwanza, tunatazama baadaye. Kilikuwa bado na udi, ule udi wa harusi unaofukizwa mpaka macho yanatoka machozi, umechanganyika na mafuta ya nywele na harufu kali kidogo ya betri zilizovuja. Nikakaa chini palepale juu ya vipande vya nguo, mimi mtu mzima na watoto wangu, nikalia kama mtoto aliyenyang'anywa andazi.

Ndani yake kuna kamera. Wa rika langu mtaikumbuka aina hiyo: ndogo, ya rangi ya fedha, inaenea kiganjani, na ukiiwasha inatoa pua mbele huku ikilia tii! Siku hizi simu ya mtoto wa shule inaishinda kwa kila kitu. Lakini siku ilipoingia nyumbani kwetu, wallahi, hata redio ya Bibi ilizimwa kwa heshima.

Shangazi Mariamu ni dada yake baba. Wazazi wangu walikuwa wanahangaika na biashara Bujumbura, kwa hiyo mimi nililelewa na yeye na mama yake, yaani Bibi, katika nyumba ndogo yenye baraza inayotazama barabara ya kupanda Nyamirambo. Shangazi alikuwa fundi wa nguo za kike. Cherehani yake ilikaa barazani, na juu ya cherehani yalikaa makasi makubwa meusi ambayo hayakuruhusiwa kugusa kitu chochote duniani isipokuwa kitambaa. Ukiyakatia karatasi, ole wako. Mtoto wa jirani aliwahi kuyakatia kamba ya kiatu, na Shangazi hakumpiga wala kumtukana, alimtazama tu. Yule mtoto akawa anapita barabara ya nyuma.

Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini, na akikuahidi jambo ulikuwa unaweza kwenda kulala. Nasema hivi mapema ili mjue nilikuwa naishi na mtu wa namna gani.

Sasa, habari ya kamera ilianza na aibu ya mtu mwingine. Mnajua hina zetu zilivyo. Wanaume hawaingii. Wanawake wanavua buibui na mitandio, nywele zinaachiwa, gauni lililoshonwa wiki nzima linatoka kwenye mfuko, ngoma inalia mpaka majirani wanasamehe tu. Wapiga picha wote wa mjini walikuwa wanaume, kwa hiyo picha hazikupigwa. Mpaka alipoolewa Salma, binti wa jirani yetu Mama Salma, binamu yake akaazima kamera ya filamu, wakapigana picha wenyewe kwa wenyewe kwa furaha. Lakini filamu lazima isafishwe, na anayesafisha naye ana macho. Mwenye studio fulani ya mjini akaona picha moja ni nzuri mno, akaikuza, akaitundika kwenye kioo cha duka lake kuvutia wateja. Salma, nywele mabegani, hina mpaka viwiko, anacheka. Baba mkwe wake akaiona akitoka swala ya Ijumaa.

Yaliyofuata sisi watoto tulifukuzwa tusiyasikie, ila kuta za Rwezamenyo nyembamba. Salma alirudishwa kwao, akakaa ndani kwa mama yake muda mrefu kabla wazee hawajasuluhisha. Toka hapo wanawake wa mtaa wakaapa: picha basi. Wakawa wanapendeza na kusahaulika. Shangazi jambo hili lilimuuma sana. Alikuwa anashona lesi mpaka vidole vinatoboka, nguo inavaliwa jioni moja, kisha haipo tena hata mahali pa kuitazama.

Ndipo mteja wake mmoja aliyerudi kutoka Kampala akamwonyesha kamera mpya, ya dijitali. Unapiga, unaona hapohapo. Hukuipenda, unaifuta, haijapitia kwa mtu. Shangazi aliacha kushona. "Rudia," akamwambia. "Rudia hapo pa kufuta."

Siku ya kwenda kununua nilipakwa mafuta mpaka nang'aa, nikavalishwa gauni la Idi. Nilijisikia sana. Nilijua nimechukuliwa kwa sababu mimi ni mzuri, na njia nzima mpaka madukani Muhima nilitembea shingo upande. Kumbe! Shangazi alikuwa na kipande cha lesi nyeupe kwenye mkoba, na kipande cha buibui jeusi, na mimi nilikuwa kitambaa cha tatu.

Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu mwenye Kiswahili chetu kile cha Kigali. "Mama, chukua hii," akasema. "Hii iko na zoom ya nguvu. Unapiga mutu akiwa Kimisagara, weye uko hapa!"

"Mtu wa Kimisagara sina shida naye," Shangazi akajibu. "Mpige huyu."

Akanifunga lesi shavu moja na buibui shavu la pili, nikasimama katikati ya duka kama mgonjwa wa jino. Watu wakacheka. Kamera ya kwanza, kubwa, ya watu wenye uwezo: lesi ikatoka safi, mimi nikawa kivuli chenye meno. Ya pili: uso wangu upo, lesi imekuwa maziwa yaliyomwagika, ua hata moja halionekani. Shangazi akawa anatikisa kichwa na kusema, "Nyingine." Yule kijana kwanza aliudhika, halafu mchezo ukamkolea, akawa anapanda ngazi mwenyewe kutafuta zilizoko juu. Mwishoni akateremsha kale kadogo ka rangi ya fedha ambako hata hakakuwa kwenye kioo cha mbele. Akapiga. Wakainama wote wawili. Maua ya lesi yapo, mikunjo ya buibui ipo, na katikati nipo mimi na macho yangu, rangi yangu hasa, siyo mkaa wala siyo majivu.

"Hii inajua watu," Shangazi akasema taratibu. "Haya, futa."

"Kufuta kwa nini sasa, mama? Iko muzuri, sha!"

"Futa nione."

Kijana akabonyeza kale kapicha ka pipa la taka, kamera ikauliza kama ana hakika, akakubali. Nikatoweka. Shangazi akaichukua, akabonyeza kwenda mbele, akabonyeza kurudi nyuma, akaigeuza na kuitazama chini kama anayetafuta tundu. "Imekwenda wapi?"

"Imekufa, mama. *Ntigaruka*. Hairudi hata ufanye nini."

Akauliza mwisho habari ya betri, akaambiwa ni zile za kawaida za tochi, zinapatikana kwa kila muuza duka hata umeme ukikatika. Basi, akainunua.

Mimi lakini jibu la yule kijana halikuniingia. Tulipokuwa tunapanda kurudi nikamuuliza Shangazi nimekwenda wapi nilipofutwa. Akasema hujaenda popote. Sasa mtoto gani anakubali hilo? Hata maji machafu ya mtaa wetu yana kwao, yanateremka mpaka mtoni Nyabugogo. Nikaamua mwenyewe kwamba ndani ya kamera kuna chumba, na waliofutwa wote wanakwenda kukaa humo, juu ya mkeka, wakingojea. Nikajiona nipo humo peke yangu na kipande cha lesi. Nikajionea huruma.

Shangazi alishona kifuko hicho cha kitenge jioni ileile. Halafu akaanza kujifunza, na wa kujifunzia alikuwa Bibi.

Kila siku baada ya swala ya alasiri, jua likiwa limelegea na baraza lina mwanga mzuri, Bibi alikuwa anakaa kwenye kigoda chake na kikombe cha chai ya tangawizi. Shangazi anaacha cherehani, anachuchumaa mbele yake na kamera. Bibi analamba midomo, anaweka ushungi sawa, anatazama pembeni kidogo kama mtu aliyeitwa na jirani. Tii! Tak! Kisha wanaitazama pamoja, na mimi kichwa changu katikati yao.

"Umeniona?" Bibi anauliza.

"Nimekuona, mama."

"Basi futa."

Na Shangazi anafuta. Kila siku hivyohivyo. Mvua inanyesha, umeme umekatika, wana wageni, hawana wageni: umeniona, nimekuona, basi futa. Shangazi hakuwahi kubisha, ingawa kuna siku Bibi alitoka mzuri mpaka mimi nilipiga makofi.

Nilipata jibu langu la kitoto. Nilidhani Bibi anajiona mbaya. Alikuwa na alama kwenye nyusi ya kushoto, mahali palipounguzwa na mafuta ya sambusa zamani, nywele hazikuota tena hapo. Alikuwa na mwanya. Jicho moja lilikuwa limeanza kuingia ukungu. Nikaona ndiyo sababu. Na picha zake za ujana hazikuwepo za kumfariji, zilipotea pamoja na nyumba na watu katika kukimbia, na kwetu jambo hilo halikuulizwa. Ilibaki picha ya kitambulisho tu, ndogo kama kucha, ambayo ametazama kama mtu aliyesimamishwa na polisi. Nikawa nahesabu kuwa yule bibi mzuri wa jana na wa juzi wote wako kwenye kile chumba, na kwamba siku moja nitawatoa.

Hina ya kwanza ya Shangazi ilikuwa ya binti wa muuza viatu. Wanawake walimtazama kwa wasiwasi alipotoa kamera. Hakuwashawishi. Aliwapiga wakicheza, kisha ngoma ilipopumzika akakaa nao mkekani, akamzungukia kila mmoja na kioo kile kidogo. "Huyu ni wewe. Ibaki au niifute?" Kila mtu alijibu kwa sauti yake. Wengine "ibaki, ibaki, nimpelekee mume wangu!", vicheko. Wengine "futa". Na hapo ndipo nilipomjua shangazi yangu. Unaweza kuwa umetoka kama malkia, picha ambayo mpiga picha yeyote angekuomba kwa machozi. Ukisema futa, alifuta mbele yako, akakuachia kamera ubonyeze mwenyewe mbele na nyuma mpaka moyo utulie. "Mwanamke uso wake ni wake," alisema. "Nikisema imefutwa, imefutwa." Zilizobaki alizipeleka Muhima kwa mwanamke mwenye mashine ya kuchapia, mlango umefungwa, yeye amesimama pembeni mpaka ya mwisho itoke. Kisha nazo alizifuta.

Habari ilienea. Wakaja kumwita mpaka watu wa Batsinda, mpaka wake wa wafanyabiashara ambao zamani wasingeketi barazani kwetu. Mama Salma mwenyewe, aliyekuwa ameapa, alikuja na binti yake mdogo. "Mariamu, nakupa huyu," alisema. "Yule wa kwanza nilimpa kioo cha dukani." Shangazi aliitikia kwa kichwa, akarudi kutunga uzi. Nilijivunia sana. Shuleni niliwaambia wenzangu kuwa shangazi yangu anatunza siri za wilaya nzima ya Nyarugenge, na haikuwa uongo.

Siku moja nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza Bibi kwa nini anataka afutwe kila siku. "Wewe si mbaya, Bibi," nikamwambia kwa huruma zangu zote.

Bibi alicheka mpaka chai ikamwagika. "Yewe! Nani kakwambia mimi mbaya? Mimi nilikuwa nasimamisha soko!" Akajifuta macho kwa upindo wa kanga. "Sikiliza, kidomo. Picha ikibaki, shangazi yako ataitundika ukutani. Atakuwa anapita kwenda kushona kwake, ataona ukuta. Akiifuta, kesho lazima aje anitazame tena. Mimi nataka picha au nataka mtoto wangu?"

Nilielewa nusu. Nusu ya pili nimeielewa ukubwani, nikiwa na watoto wanaotazama simu.

Bibi alifariki wakati wa mvua, usingizini, alfajiri, tukamzika siku ileile kama ilivyo ada. Baba Mkubwa Yusufu, kaka yake Shangazi aliyekuwa anaishi Ubelgiji, hakuwahi. Alifika watu wameshatoka makaburini, mtu mkubwa wa mwili, koti la baridi mkononi, akasimama mbele ya kile kigoda na kusema, "Nionyesheni hata picha." Hakuwa amemwona mama yake toka mimi sijazaliwa.

"Hakuna, ila ile ndogo ya kitambulisho," Shangazi akasema.

"Hakuna vipi? Wewe si ndiye mpiga picha wa mji mzima?"

"Alisema nifute."

Jamani, yule mtu alilia. Alilia kwa sauti, kama watoto, akapiga ukuta kwa kiganja. Sikumchukia, na ninyi msimchukie. Ni mtu aliyevuka dunia akakuta kigoda.

Ni yeye aliyesikia, sijui kwa nani, kuwa Muhima kuna kijana wa kompyuta anayeweza kurudisha vilivyofutwa. Akamchukua Shangazi, na mimi nikafuata nimeshika gauni lake. Duka lilikuwa jembamba, benchi limejaa wanaume wanaosubiri simu zao. Kijana wa kompyuta akaitoa kadi kwenye kamera, kijikadi cheusi kidogo, akaishika juu.

"Mama, kilichofutwa hakijafa," akasema. "Kadi imesahau tu kimekaa wapi. Mimi iko na programu, nitazirudisha. Zote siyo, lakini nyingi."

Nilirukaruka. Ndiyo, nilirukaruka msibani! "Nilijua! Shangazi, si nilisema wamo ndani!" Kile chumba kipo, Bibi yumo, wa juzi na wa jana na wa ule mchana wa makofi, wote wamekaa mkekani wananingoja. Nikamtazama Shangazi tufurahi pamoja. Uso wake ulikuwa umekufa rangi.

"Nyingi zipi?" akauliza.

"Zilizokuwemo, mama. Zilizopigwa na kufutwa."

"Naomba za mama yangu peke yake."

"Programu haichagui. Inaleta vyote hapa kwenye kioo, ndiyo sisi tunatafuta." Akaonyesha kioo cha kompyuta, kikubwa, kinachotazama benchi.

Kadi ilikuwa tayari inaelekea kwenye mashine. Shangazi akainyoosha ile mikono yake mirefu, akaichukua vidoleni mwa yule kijana kwa upole, kama anayempokea mtoto aliyelala. "Asante, baba. Samahani kwa usumbufu."

"Mariamu!" Baba Mkubwa akapaza sauti. "Sikumzika! Ni uso wa mama yetu!"

"Na hizo nyingine ni nyuso za nani, kaka?" akamjibu, sauti ileile ya chini. "Twende nyumbani."

Njiani Baba Mkubwa alitangulia kwa hasira, akawa anateleza kwenye tope na viatu vyake vya Ulaya. Mimi nilikuwa naikodolea macho ngumi ya Shangazi, maana Bibi alikuwa humo.

Nyumbani baraza lilikuwa limejaa wanawake wa taazia. Karibu wote ni wale wa mkekani, walioambiwa imefutwa. Shangazi hakukaa. Angeweza kukaa. Angeweza kuiweka ile kadi kwenye kifuko na kupokea chai, hakuna kiumbe ambaye angejua.

"Mama zangu, dada zangu," akasema, "niliwaambia nikifuta imekwisha. Nilivyoambiwa ndivyo nilivyowaambia. Leo nimejua siyo kweli. Zimo humu, na mwenye ujuzi anaweza kuzirudisha."

Mwanamke mmoja akajishika kichwa. Nikaona Salma, aliyekaa pembeni na mtoto mgongoni, akivuta mtandio mpaka usoni. Mama Salma ndiye aliyeuliza, "Umejuaje?" Shangazi akaeleza yote, ya kaka yake, ya kompyuta, ya Bibi. Mama Salma akafikiri, akawatazama wenzake, wenzake wakamtazama.

"Mariamu," akasema, "kama mama yako yumo, mtoe. Mtafute mwanamke anayejua hiyo kompyuta, mfunge mlango. Sisi tunakuruhusu. Bibi alikuwa wetu wote."

"Tunakuruhusu," wakaitikia wawili watatu. Baba Mkubwa, aliyesimama mlangoni, akafumba macho na kusema alhamdulillahi.

Nami nikasema alhamdulillahi. Hapo nilikuwa nimeshachagua picha nitakayoitaka.

Shangazi machozi yalimtoka. Ndiyo mara ya kwanza kuyaona. "Mungu awalipe," akasema. "Ninyi mliopo mmekubali. Wasiokuwepo je? Wa Batsinda je? Yule aliyehamia Goma? Nao niliwaahidi."

Akageuka, akaenda kwenye cherehani, akachukua makasi. Yale makasi. Nikajiziba mdomo kwa mikono miwili, na naomba mnisamehe, kilichonitisha kwanza ni makasi kuguswa na kitu kisicho kitambaa. Akaiweka kadi kati ya meno ya makasi, akabana. Haikukatika. Akabana tena kwa mikono yote miwili, mishipa ya shingo imesimama, na mwishowe ikalia tak, sauti ileile ya picha. Akakata vile vipande tena na tena mpaka vikawa kama makapi ya ulezi, akavitia kwenye jiko la mkaa chini ya birika. Chai ya siku ile haikunyweka kwa harufu.

Mimi nilipiga ukelele. Kwangu mimi Bibi amekatwa na kuchomwa, na wa kumchoma ni mtoto wake. Nikakimbilia kigoda chake nikakishika miguu.

Baba Mkubwa naye alikuja akakaa chini sakafuni, na suruali yake nzuri, karibu yangu. Hakumtukana dada yake. Alikaa tu. Baadaye akaniuliza, "Alikuwaje?"

Nikashangaa mtu mzima kutojua mama yake yukoje. Nikamwambia. Nyusi ya kushoto ina njia katikati, ndiyo mafuta ya sambusa. Akasema hiyo anaikumbuka. Nikamwambia jicho la kulia lilikuwa na ukungu, ila siyo lote, pembeni bado jeusi, kwa hiyo alikuwa anakutazama kwa upande. Hilo hakulijua. Nikamwambia mikunjo ya mdomo ilivyokwenda, na kwamba akicheka alificha mwanya kwa upindo wa kanga halafu anasahau na kuuachia. Nikamwonyesha anavyolamba midomo. Nikatazama pembeni kama mtu aliyeitwa na jirani. Baba Mkubwa akatoa sauti ambayo mpaka leo sijui ilikuwa kicheko au kilio. "Ndiye," akasema. "Ndiye huyo huyo." Wanawake nao wakaanza kuongeza, mmoja shingo yake, mwingine mkono alivyoshika kikombe, na Shangazi, makasi bado mkononi, akawa anasahihisha: hapana, hivi, zaidi hivi. Tulimkusanya mpaka adhana ya magharibi. Tulikuwa tunamjua kiasi hicho kwa sababu hakuna siku aliyotuacha tusimtazame.

Baada ya hapo hina haikupigwa picha na mtu mwingine mjini. Shangazi aliweka utaratibu wake: kila bi harusi anakuja na kadi yake mpya, na sherehe ikiisha anaondoka nayo, imo kiganjani mwake. Kamera yenyewe ilikuwa inarudi nyumbani tupu kabisa. Wanawake walikuwa wanasema, yule amekata uso wa mama yake kwa ajili yetu. Mimi nilikuwa nasikia, natembea shingo upande tena, na safari hii nilikuwa na haki.

Sindano niliyokuwa naitafuta nimeipata chini ya makasi. Yana pengo kwenye meno, karibu na ncha. Mafundi wengi wameomba kuyanoa ili waliondoe, Shangazi amekataa.

Mwenyewe yuko barazani. Amezeeka, hashoni tena ila vifungo, na ushungi wake sasa anauweka kama mama yake. Jana alasiri mwanga ulikuwa mzuri nikashindwa kujizuia, nikatoa simu yangu, ile yenye maelfu ya picha nisizozitazama, nikachuchumaa mbele yake. Alilamba midomo. Nikapiga, nikamwonyesha. Aliitazama muda mrefu.

"Umeniona?" akauliza.

"Nimekuona, Shangazi."

"Basi futa."

Kidole kilinigoma, nakiri. Yeye akangoja, hakunihimiza. Nikafuta, nikampa simu abonyeze mbele na nyuma mpaka moyo utulie.

Sasa hivi wameadhini alasiri. Ngoja nivae viatu, niende nikamtazame.